Kampaundi za Mimea na Homa ya Nguruwe ya Afrika: Kutoka Maabara Hadi Bandani

Nguruwe ni mnyama azaaye upesi. Jike hubeba mimba kwa siku 114 tu, yaani miezi 3, wiki 3 na siku 3, naye huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kila mara watoto 8 hadi 12 au zaidi. Hula pumba, majani, makombo ya jikoni na masalio ya mavuno ambayo pengine yangetupwa. Kwa sababu hizo familia nyingi za wakulima wadogo katika Tanzania, Kenya na Uganda zimemfanya kuwa akiba ya nyumbani. Mmoja huuzwa ili kulipa karo, mwingine ili kununua mbolea, na mwingine ili kumpeleka mgonjwa hospitali.

Akiba hiyo huweza kutoweka yote katika majuma mawili. Homa ya Nguruwe ya Afrika ikiingia bandani huweza kuua karibu kila nguruwe aliyemo, mkubwa kwa mdogo, na hadi leo hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuitibu. Si ajabu basi kwamba baadhi ya wafugaji, waonapo wanyama wao wakizidiwa, hugeukia mitishamba. Wakati huohuo, kutoka maabara za nchi mbalimbali, zimekuwa zikitoka taarifa kwamba kemikali kadhaa zitokanazo na mimea zimekizuia kirusi cha ugonjwa huu kuzaliana. Mtu asikiaye habari hizo mbili kwa pamoja aweza kudhani kwamba ni habari moja, na kwamba sayansi imekwisha kuthibitisha yale yafanywayo bandani. Sivyo. Makala hii yaeleza ni jambo gani hasa limethibitishwa, na ni umbali gani uliobaki kabla kemikali ya mmea haijaweza kuitwa dawa ya nguruwe.

1. Ugonjwa na asili yake

Homa ya Nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alichapisha mwaka 1921 taarifa ya ugonjwa uliokuwa ukiwaua nguruwe wa walowezi, akaonyesha kwamba haukuwa ule ugonjwa wa homa ya nguruwe uliojulikana Ulaya, ingawa dalili zake zilifanana nao. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba chimbuko lake ni porini. Ngiri hukibeba kirusi bila kuugua, na papasi wakaao katika mashimo ya ngiri hukipokea wanyonyapo damu na kukirudisha kwa ngiri wachanga. Mzunguko huo wa kale haumdhuru ngiri wala papasi. Madhara huanza pale kirusi kinapomfikia nguruwe wa kufugwa.

Nguruwe aliyeambukizwa huanza kuonyesha dalili baada ya siku chache, mara nyingi kati ya siku 4 na 19. Hupata homa kali, huacha kula, hujikusanya pamoja na wenzake mahali pamoja, na ngozi ya masikio, tumbo na miguu hugeuka kuwa nyekundu au ya zambarau. Wengine hutapika au huharisha damu. Mzoga ukipasuliwa, bandama huonekana imevimba na kuwa nyeusi, na tezi zimejaa damu. Yafaa ieleweke wazi kwamba ugonjwa huu haumwambukizi binadamu. Lakini binadamu ndiye mbebaji wake mkuu, kwa viatu, magari, kamba, visu na hasa nyama.

Mwaka 1957 kirusi kilivuka bahari na kufika Ureno, na tangu mwaka 1960 kilikaa katika rasi ya Iberia kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2007 kilifika Georgia, kikasambaa katika nchi za Kaukasi na Urusi, kikaingia nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2014, na mwezi Agosti 2018 kikaripotiwa China, nchi iliyokuwa na karibu nusu ya nguruwe wote duniani. Ugonjwa ambao kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa tatizo la Afrika ukawa tatizo la dunia, na hapo ndipo fedha na maabara nyingi zilipoelekezwa kuutafutia kinga na tiba.

2. Jinsi kirusi kinavyozaliana

Ili kuelewa namna kemikali ya mmea inavyoweza kukizuia kirusi, ni lazima kwanza kufahamu kirusi kinavyoishi. Kirusi cha homa hii ni kikubwa miongoni mwa virusi. Kipenyo chake ni takriban nanomita 200, hivi kwamba virusi 5,000 vikipangwa mstari mmoja vitafikia urefu wa milimita 1. Kimebeba DNA yenye jeni zaidi ya 150. Kwa kulinganisha, kirusi cha UKIMWI kina jeni 9 tu. Wingi huo wa jeni ndio sababu mojawapo ya ugumu wa kutengeneza chanjo, kwa kuwa kirusi kina njia nyingi za kukwepa ulinzi wa mwili.

Seli ambazo kirusi hiki huzipendelea ni makrofaji, yaani seli za damu na tishu ambazo kazi yake ni kumeza na kuharibu vijidudu. Ni kama mwizi avunjaye kituo cha polisi na kukifanya makao yake. Kirusi huingia katika seli, huvua ganda lake, kisha huanzisha karibu na kiini cha seli eneo maalumu la kazi liitwalo kiwanda cha virusi. Humo DNA yake hunakiliwa mara nyingi, protini za ganda hutengenezwa, na virusi vipya huunganishwa kipande kwa kipande. Baada ya muda upatao siku moja, virusi vipya hutoka na kutafuta seli nyingine.

Kazi hiyo ina hatua nne: kuingia, kunakili DNA, kutengeneza protini na kutoka. Kemikali yoyote ikwamishayo hatua mojawapo bila kuiua seli yenyewe yaweza kuwa mwanzo wa dawa. Ugumu uko katika masharti hayo ya mwisho. Bakteria ni kiumbe kamili chenye mitambo yake, na dawa yaweza kuilenga mitambo hiyo bila kumgusa mgonjwa. Kirusi, kinyume chake, hutumia kwa sehemu kubwa mitambo ya seli ya mgonjwa. Aipigaye mitambo hiyo ovyo humpiga mgonjwa pamoja na adui.

3. Mmea kama ghala la kemikali

Mmea hauwezi kukimbia. Ukishambuliwa na wadudu, kuvu au virusi vya mimea, au ukichomwa na jua kali, hujilinda kwa kutengeneza kemikali. Ndiyo maana mimea imekuwa chemchemi ya dawa tangu zamani. Kwinini ilitengwa kutoka gome la mti wa sinkona mwaka 1820, na miti hiyo ilipandwa hata katika bustani ya Amani, milima ya Usambara. Artemisinini, dawa kuu ya malaria ya siku hizi, ilitengwa nchini China mwaka 1972 kutoka mmea wa artemisia, na mtafiti Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo.

Mifano hiyo miwili ina funzo ambalo husahauliwa. Gome na majani vilikuwa mwanzo wa safari, wala havikuwa mwisho wake. Ilibidi kampaundi moja itengwe miongoni mwa mamia, ipimwe uzito na umbo lake, ijaribiwe kwa wanyama na kisha kwa watu, na kipimo chake kijulikane. Aidha, vyote viwili hupambana na kimelea cha malaria, ambacho ni kiumbe kamili, wala si kirusi.

Katika utafiti wa virusi vya nguruwe, kundi la kemikali lililochunguzwa sana ni flavonoidi. Hizi hupatikana katika mboga, matunda na maua, na nyingi huyapa maua na matunda rangi. Mojawapo ni apijenini, ipatikanayo katika kotimiri. Nyingine ni jenisteini, ipatikanayo katika soya. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kampaundi hizi mbili zina atomu zilezile kwa idadi ileile: kaboni 15, haidrojeni 10 na oksijeni 5. Zinatofautiana kwa mahali pamoja tu, pale ambapo pete moja ya atomu imeshikizwa. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, tofauti hiyo ndogo ya umbo huambatana na tofauti kubwa ya kazi.

4. Yaliyoonekana katika maabara

Mwaka 2011 watafiti wa Hispania walichapisha matokeo ya majaribio ya resveratroli, kampaundi iliyomo katika ganda la zabibu, na ndugu yake oksiresveratroli, ipatikanayo katika mforosadi. Seli ziliambukizwa kirusi cha homa ya nguruwe zikiwa zimewekewa kampaundi hizo. Unakilishaji wa DNA ya kirusi ulipungua, viwanda vya virusi vikashindwa kujengeka, na mazao ya virusi yakashuka mno.

Mwaka 2013 watafiti wa Nigeria na Afrika Kusini walichapisha uchunguzi wa mmea wa Afrika Magharibi uitwao kwa jina la kisayansi Ancistrocladus uncinatus. Vitu vilivyokamuliwa kutoka mmea huo vilijaribiwa dhidi ya kirusi katika seli, na baadhi ya mafungu yake yakaonyesha uwezo wa kukizuia.

Mwaka 2016 watafiti wa Armenia, nchi iliyofikiwa na ugonjwa mwaka 2007, walitoa taarifa juu ya apijenini. Kampaundi hiyo ilipoongezwa saa 1 baada ya seli kuambukizwa, mazao ya virusi yalipungua kwa zaidi ya asilimia 99.99. Ilifanya kazi vizuri zaidi mwanzoni mwa maambukizo.

Mwaka 2018 watafiti wa Armenia pamoja na wenzao wa nchi nyingine walieleza kazi ya jenisteini. Hii haikufaa kitu ilipowekwa kabla kirusi hakijaingia, wala wakati wa kuingia. Nguvu yake ilikuwa kubwa kabisa ilipoongezwa saa 8 baada ya maambukizo, wakati DNA inaponakiliwa. Sababu yake yaeleweka. Uzi mrefu wa DNA unaponakiliwa hujisokota na kufungana mafundo, kama kamba ivutwayo kutoka mzingo uliovurugika. Kirusi hiki kina kimeng'enya chake chenyewe cha kuyafungua mafundo hayo, ambacho huukata uzi, huupitisha uzi mwingine katika pengo, kisha huunganisha. Yaelekea jenisteini humkamata fundi huyo akiwa amekwisha kukata na bado hajaunganisha. Katika seli zilizowekewa jenisteini, DNA ya kirusi ilionekana ikiwa vipandevipande.

Hayo ni matokeo halisi, yaliyopatikana kwa njia sahihi, na yana thamani. Yameonyesha kwamba silaha ya kirusi hiki ina viungo vinavyoweza kushikwa, na yameonyesha mahali pa kushika. Kwa mkemia hii ni ramani ya kutengenezea kampaundi bora zaidi. Kwa mfugaji, bado si dawa, na sababu zake ni nne.

5. Sababu ya kwanza: hesabu ya asilimia

Asilimia 99.99 husikika kama ushindi kamili. Hesabu yaonyesha vingine. Katika nguruwe aliyezidiwa, mililita moja ya damu huweza kuwa na chembe ambukizi 100,000,000. Zikiondolewa asilimia 99.99, hubaki chembe 10,000 katika kila mililita. Nguruwe wa kilo 60 ana damu inayokaribia lita 4, yaani mililita 4,000. Kwa hiyo hata baada ya ushindi huo, damu yake ingekuwa bado na chembe milioni 40, kila moja ikiwa na uwezo wa kuanza upya. Katika kisahani cha maabara jaribio humalizika baada ya siku chache. Katika mwili wa mnyama halimaliziki mpaka chembe hizo zimezidiwa na ulinzi wa mwili wenyewe.

6. Sababu ya pili: saa

Katika maabara mtafiti hujua dakika ambayo seli imeambukizwa, naye huweza kuweka kampaundi baada ya saa 1 au saa 8. Mfugaji hajui. Ajuapo kwamba nguruwe wake ni mgonjwa, kirusi kimekwisha kuwamo mwilini kwa siku kadhaa, kimepita vizazi vingi, na kimeenea katika bandama, tezi na uboho wa mifupa. Kampaundi ifanyayo kazi mwanzoni mwa maambukizo ya seli moja yaweza kuzilinda seli ambazo hazijaguswa, lakini haiwezi kuzifufua makrofaji zilizokwisha kufa wala kuiziba mishipa inayovuja damu.

7. Sababu ya tatu: safari kutoka horini hadi katika damu

Katika kisahani, kampaundi humiminwa moja kwa moja juu ya seli. Katika nguruwe hulazimika kupita tumboni, utumboni na katika ini kabla haijafika katika damu. Utumbo na ini huzitambua flavonoidi kuwa vitu vigeni, huzifunga kwa sukari au salfa, na kuzisukuma nje kwa mkojo na nyongo. Sehemu ndogo tu hubaki huru kufanya kazi.

Chukua mfano wa hesabu. Ichukuliwe kwamba seli zahitaji miligramu 13.5 za apijenini katika kila lita ya maji yanayozizunguka. Nguruwe wa kilo 60 ana maji yapatayo lita 36 mwilini. Kwa hiyo yahitajika miligramu 486 ziwe zimeenea mwilini mwake. Ichukuliwe tena kwamba ni sehemu 1 tu kati ya 20 ya kilicholiwa ndiyo ifikayo katika damu ikiwa huru. Basi lazima ale miligramu 9,720, yaani karibu gramu 10 za apijenini safi. Gramu 100 za kotimiri mbichi huweza kuwa na apijenini miligramu 200 hivi. Kwa kipimo hicho nguruwe mmoja angehitaji karibu kilo 5 za kotimiri kwa mlo mmoja, na kwa kuwa mwili huendelea kuitoa kampaundi hiyo, milo hiyo ingepaswa kurudiwa mchana na usiku kwa siku nyingi. Nguruwe mwenye homa kali, kama ijulikanavyo, hali kabisa.

Hesabu hiyo ni ya kielelezo tu, lakini yaonyesha kwa nini kutia konzi ya majani katika hori si sawa na jaribio la maabara, hata kama majani hayo yana kampaundi ileile. Isitoshe, kiasi cha kampaundi katika mmea hubadilika kwa udongo, majira, umri wa jani na namna ya kukausha. Apikaye leo na apikaye kesho hawatoi kipimo kimoja.

8. Sababu ya nne: madhara

Kila kemikali, iwe ya kiwandani au ya mmea, ina kiwango ambacho ikikizidi hudhuru. Kwa sababu hiyo watafiti hupima mambo mawili: kiwango kinachokizuia kirusi kwa nusu, na kiwango kinachoua nusu ya seli zenyewe. Cha pili hugawanywa kwa cha kwanza. Kampaundi izuiayo kirusi kwa miligramu 2 na kuua seli kwa miligramu 200 ina uwiano wa 100, nayo yafaa kuendelea kuchunguzwa. Ile izuiayo kwa miligramu 2 na kuua kwa miligramu 4 ina uwiano wa 2, nayo ni hatari, kwa kuwa kosa dogo la kipimo hugeuza tiba kuwa sumu.

Jenisteini ina suala la ziada. Umbo lake lafanana kiasi na homoni ya kike, na ikiwa nyingi mwilini huweza kuingilia mambo ya uzazi. Kampaundi ambayo ingemponya jike na kumharibia uzazi wake isingekuwa faida kwa mfugaji anayemtegemea kwa watoto wake. Jambo la namna hii haliwezi kuonekana katika kisahani cha seli. Huonekana tu katika majaribio marefu ya wanyama hai, yafanywayo katika mabanda maalumu yasiyoruhusu kirusi kutoka nje. Mabanda hayo ni ghali na ni machache, na ndiyo sababu kubwa inayofanya taarifa nyingi za kampaundi za mimea ziishie katika seli.

9. Hatari ya nguruwe aonekanaye mzima

Kuna hoja isikikayo mara nyingi: kwamba mtishamba, hata usipoponya, hauna hasara. Kwa magonjwa mengine hoja hiyo yaweza kuvumiliwa. Kwa Homa ya Nguruwe ya Afrika haifai.

Kila siku ambayo mnyama mgonjwa anawekwa hai akitibiwa gizani ni siku ambayo mate, kinyesi, mkojo na damu yake hueneza kirusi. Dawa ambayo ingepunguza homa bila kukimaliza kirusi ingekuwa na madhara makubwa zaidi kuliko kutokuwa na dawa, kwa kuwa nguruwe aliyepata nafuu kidogo hupelekwa mnadani au machinjioni. Nyama yake hubeba kirusi hadi mji mwingine. Katika damu iliyohifadhiwa katika baridi ya nyuzi 4 kirusi kimeonekana kikidumu kwa mwaka mmoja na nusu, nacho huvumilia pia kuwekwa chumvi na kukaushwa. Makombo ya nyama hiyo yakitupwa katika ndoo ya chakula cha nguruwe, banda jipya limeambukizwa.

Mfugaji auzaye nguruwe mgonjwa kwa haraka huokoa shilingi chache na huenda akaangamiza akiba ya kijiji kizima. Mara nyingi hufanya hivyo kwa sababu ya hofu na umaskini, wala si kwa nia mbaya. Kwa hiyo wajibu wa kumlinda jirani si wake peke yake. Mahali ambapo kutoa taarifa humletea mfugaji hasara tupu, taarifa zitafichwa.

10. Mahali mimea inapoweza kusaidia

Upo uwezekano mwingine ambao hauhitaji kampaundi kupita katika utumbo na ini. Mwaka 2021 watafiti wa Poland walichapisha majaribio ya vitu vilivyokamuliwa kutoka mimea 14, wakivitumia si kama dawa ya kumeza bali kama viuavirusi vya nje. Ni kimoja tu kilichoonyesha uwezo wa kukiharibu kirusi, nacho kilitokana na mnanaa wa peremende. Matokeo hayo ni ya mwanzo, na hayaondoi haja ya dawa za kuulia vijidudu zilizokwisha kuthibitishwa. Lakini yanaonyesha njia yenye vikwazo vichache zaidi, kwani kitu cha kuoshea sakafu na viatu hakilazimiki kufika katika makrofaji.

Kuhusu chanjo, hatua imepigwa. Mwaka 2023 Vietnam iliruhusu chanjo za kirusi hai kilichodhoofishwa zitumike nchini kote. Hata hivyo chanjo hizo zilitengenezwa dhidi ya aina moja ya kirusi, na Afrika Mashariki ina aina zaidi ya moja. Haifai kudhani kwamba kinachofaa Asia kitafaa hapa bila kuchunguzwa.

11. Yafaayo kufanywa sasa

Mpaka hapo dawa itakapopatikana, kinga ni kazi ya mikono, na haina siri. Nguruwe wafungiwe bandani wala wasiachwe wakizurura. Wageni, hasa wachuuzi wa nguruwe na wachinjaji, wasiingie bandani. Pawepo viatu vya bandani peke yake. Makombo ya chakula yenye nyama yasitumike. Panapokuwa hapana budi, kanuni ya kimataifa yataka yachemshwe kwa joto lisilopungua nyuzi 90 kwa saa 1 huku yakikorogwa. Nguruwe mpya atengwe kwa majuma manne kabla ya kuchanganywa na wengine. Dume la kupandisha lisizungushwe banda hadi banda wakati kuna habari za ugonjwa. Nyufa za kuta zizibwe, ili papasi wasipate maficho. Mizoga ifukiwe kwa kina au ichomwe, na afisa mifugo aarifiwe nguruwe wa kwanza anapougua, si wa kumi anapokufa.

Na mfugaji mwenye mtishamba anaouamini afanye nini? Autoe kwa wataalamu. Aeleze ni mti gani, sehemu gani, umeandaliwaje na alimpa mnyama wa namna gani. Maarifa hayo yana thamani, kwani artemisia nayo ilianzia katika vitabu vya tiba za kale. Lakini wataalamu watamwuliza swali moja ambalo yafaa ajiulize mwenyewe kwanza: nguruwe aliyepona alipimwa damu, ikathibitika kwamba aliugua homa hii? Magonjwa mengine ya nguruwe, kama ule wa ngozi kuwa nyekundu uletwao na bakteria, hufanana nayo kwa macho, na baadhi ya wanyama hupona wenyewe. Bila kipimo hicho haiwezi kujulikana kama ni mti ulioponya, au ni ugonjwa ambao haukuwapo.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini ni vigumu zaidi kupata dawa ya kirusi kuliko dawa ya bakteria?

2. Apijenini na jenisteini zina atomu zilezile. Zinatofautianaje kwa wakati wa kufanya kazi?

3. Damu ina chembe ambukizi 10,000,000 katika mililita 1. Dawa imepunguza asilimia 99.9. Zimebaki ngapi katika mililita hiyo, na ngapi katika lita 4 za damu?

4. Katika kijiji chenu, mfugaji atoaye taarifa ya ugonjwa hupata msaada gani? Ni utaratibu gani ungemfanya asiogope kusema mapema?